Karavani, hema la juu ya gari au banda? Desemba ya ufukweni Tanga ukiwa na mbwa

Ikifika katikati ya Novemba, shule zikinusa likizo, simu yangu huanza kulia. Swali ni lilelile: tunakuja Tanga Krismasi, tunataka kukaa ufukweni hadi Mwaka Mpya, ila tuna mbwa, tulale wapi? Safari hii aliyeuliza ni shemeji yangu wa Morogoro, na alikuwa na njia tatu mkononi: karavani ya kuazima kwa rafiki yake, hema la kufunga juu ya paa la gari, na banda la kupanga upande wa Pangani. Zote tatu nimezijaribu na Kashata, mbwa wangu jike wa kilo 22, mwenye rangi ya kashata ya nazi iliyoungua kidogo. Kila moja ilinifurahisha siku fulani na kunitia adabu siku nyingine, ndiyo maana sikumpa jibu la neno moja.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Ukisema karavani mbele ya mtu mzima wa Bagamoyo, huenda akawaza misafara ya wapagazi waliotoka Ujiji na Tabora na pembe za ndovu mabegani. Hapa nasema trela la kulala: chumba chenye magurudumu, kitanda, jiko la gesi na kabati, kinachovutwa na gari. Kwetu si nyingi, lakini zipo, na anayeiona mara ya kwanza huipenda papo hapo. Hapo ndipo penye hatari.

Vigezo, kabla hujaanza kuota mandhari

Wengi huanza na mandhari, kisha bei. Mimi naanza na saa nane mchana. Desemba pepo za kaskazi zimeshaanza, joto la Tanga hupita nyuzi 30 kivulini, na unyevu wa hewa unakugandisha shati mgongoni. Wewe una jasho na soda baridi. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na hewa ikiwa na unyevu mwingi huhema sana akapoa kidogo. Basi swali la kwanza: saa nane mchana mbwa atakuwa wapi? La pili: usiku atalala wapi, hasa usiku wa kuamkia Mwaka Mpya, fataki zikianza. La tatu ni njia, mchanga na bahari yenyewe. La nne ni majirani. La tano, maji na mfuko.

La tatu na la nne nayaeleza kabisa hapa, maana yanawahusu wote.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, kati ya maji makuu na maji kupwa kuna zaidi ya mita 3. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi alasiri na tena saa kumi alfajiri, na hupwa kwenye saa nne. Maana yake: unafika saa nne asubuhi, ufuko mpana kama uwanja wa mpira, unachagua mahali pazuri pa kupiga kambi, saa kumi alfajiri bahari inakugongea mlango. Tafuta mstari wa mwani mkavu na vifuu vya nazi vilivyoletwa na maji, kisha panda juu zaidi ya hapo. Chini ya mnazi usikae, nazi haiulizi jina. Karibu na mikoko nako usubi watakufukuza kabla ya magharibi. Mti wa kambi ni mvinje.

Kuhusu majirani, hii ni pwani yenye Waislamu wengi, na wengi wao hufuata madhehebu ya Shafii. Kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Hiyo si chuki, ni twahara ya mtu anayekwenda kusali. Mara ya kwanza nilipofika Kigombe na Kashata, nilimkuta mzee akishona wavu chini ya mkungu. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila huyo mbwa mtie kamba, na kisimani asifike."

Nikamtia kamba. Jioni mzee alimtuma mjukuu wake aniletee changu wawili. Sheria zote za kukaa na mbwa pwani ziko ndani ya sentensi yake ile: kamba, mbali na kisima, mbali na nyavu na samaki walioanikwa, mbali na njia ya msikitini.

Karavani

Mchana. Watu hudhani karavani ni chumba, kwa hiyo mbwa atabaki ndani mkienda sokoni. Sivyo. Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi kama 10 ndani ya dakika 10, na karavani nayo ni sanduku la bati na plastiki. Dirisha lililoachwa wazi vidole viwili halimsaidii. Kiyoyozi kinataka umeme wa kawaida au jenereta, na jenereta ufukweni ni namna ya haraka ya kugombana na kila mtu. Feni ya volti 12 na sola juu ya paa vinatosha usiku tu.

Lakini nililogundua siku ya pili ni hili: kivuli bora cha mbwa hakimo ndani ya karavani, kiko chini yake. Kashata alichimba shimo katikati ya magurudumu, akafika kwenye mchanga wenye unyevu, akalala humo kuanzia saa tano hadi saa kumi. Upepo unapita, jua halifiki, na anamwona kila mtu anayekuja. Ukitandaza turubai ubavuni unapata na baraza la binadamu.

Usiku. Hapa karavani inawashinda wenzake wote wawili kwa mbwa mwoga. Mbwa hajui kwamba umehama. Godoro ni lilelile, bakuli lilelile, harufu ileile, hata kama jana mlikuwa Mwambani na leo mko Pangani. Usiku wa Mwaka Mpya nilimtembeza jioni mapema, nikafunga mlango, nikafungua redio kwa sauti ndogo. Fataki zilipoanza alitetemeka chini ya meza, lakini hakukimbia. Kuta zilimtosha. Asubuhi karavani ilinuka mbwa aliyelowa, na mchanga ulikuwa mpaka kwenye sukari.

Njia na mchanga. Mahali pagumu ni hapa, na wauzaji hawakuambii. Kwa anayeanza, trela lililopakiwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linalolivuta: gari la kilo 1,600 lisivute zaidi ya kama kilo 1,360. Kwenye ndoano ya gari uweke asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa trela. Mzigo ukirundikwa nyuma, trela litatikisa mkia kama mbwa aliyeona nyama, na hapo usukani si wako tena. Kutoka Dar ni kama kilomita 350 kupitia Chalinze na Segera, na kila basi linalokupita linakusukuma kwa upepo. Mbwa anapanda garini na nyinyi, kamwe si ndani ya karavani inayotembea.

Ufukweni usiiingize kabisa. Ikizama mchangani, kuivuta ni kazi ya kijiji kizima. Ukitaka kuvuka mto Pangani kwa pantoni, angalia maji: yakiwa yamepwa mteremko unakuwa mkali, na tako la karavani linaburuza chini. Na chumvi inakula chuma. Ukirudi, oshea uvunguni kwanza kabla hujaosha unapopaona.

Majirani. Karavani haijifichi. Watoto watakuja ishirini, watakaa wanaitazama kama sarakasi, na mbwa asiyezoea watoto atachoka mapema kuliko wao. Usipaki mahali kwa sababu tu pako wazi. Shamba la minazi lina mwenyewe, na mwenyekiti wa kijiji ni mtu wa kumsalimia siku ya kwanza.

Maji na mfuko. Tangi nyingi huchukua lita 40 hadi 100. Ukimsuuza mbwa chumvi ndoo moja kila jioni, fanya hesabu. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unapikia familia siku zote za likizo. Kuazima ni raha. Kununua kwa ajili ya siku kumi za mwaka, huku nyingine zote ikiota kutu uani, sijawahi kuelewa.

Inamfaa anayekaa mahali pamoja wiki nzima au zaidi, mwenye gari lenye nguvu, mwenye mbwa anayeogopa kelele, na mwenye uhakika wa kiwanja chenye kivuli.

Hema la juu ya gari

Usiku. Naanza na usiku kwa sababu hapa ndipo penye ngazi. Mbwa hapandi ngazi. Wa kilo 6 unamchukua kwapani. Kashata nilimbeba begani kama gunia la machungwa ya Muheza, na saa nane za usiku akataka kukojoa. Usiku wa pili nilimlaza chini, kwenye chumba cha turubai kinachoning'inia chini ya hema, kamba imefungwa kwenye gurudumu. Akawa analala vizuri, isipokuwa kaa wakitoka mashimoni. Hapo alikuwa mwindaji, na mimi sikuwa na usingizi.

Kisha ukaja Mwaka Mpya. Fataki ya tatu ilipolia alikata kamba, akapasua zipu ya turubai, akatoweka gizani. Nilimtafuta kwa tochi mpaka adhana ya alfajiri. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, na kweli nilimkuta ufukweni, kama kilomita mbili kusini, amejikunyata kando ya ngalawa iliyopandishwa nchi kavu. Mvuvi mwenye ngalawa hakumgusa na hakumfukuza, alikuwa amemwachia nafasi tu.

Mchana. Uhamaji ndio uzuri wake. Jua likigeuka unafunga, unasogea mita hamsini kwenye mvinje mwingine. Hakuna kuta za kupata moto. Ila kila mkitaka kwenda sokoni nyumba inabidi ikunjwe, maana nyumba ndiyo gari, na mbwa mnaye sokoni.

Njia na mchanga. Rahisi. Hema lina kilo 50 hadi 70, basi soma kitabu cha gari kuona paa linabeba ngapi likiwa mwendoni. Pantoni si tatizo.

Majirani. Unafika jioni, unaondoka asubuhi, kelele ni chache. Bado omba ruhusa.

Maji na mfuko. Madumu mawili ya lita 20, basi. Bei ya hema lenyewe ni kubwa, lakini baada ya hapo halidai. Nami nikiulizwa faragha nasema hema la kawaida la chini ni jema zaidi kwa mwenye mbwa: mlango uko usawa wa pua yake. Tatizo ni mvua za vuli, ambazo Desemba bado huchungulia, na maji ya mvua hayana adabu yakikuta hema kwenye bonde.

Linamfaa mwenye mbwa mdogo au kijana mkakamavu, anayependa kulala usiku wa leo Mwambani na kesho Kigombe, na ambaye tarehe 31 atakuwa mbali na mji.

Banda la kupanga

Mchana. Paa la makuti na sakafu ya saruji. Kwa saa nane mchana hakuna kinachoshinda hayo mawili. Mbwa analala tumbo kwenye saruji, makuti yanapitisha hewa, feni ikiwapo inazunguka mradi umenunua umeme wa LUKU. Mbwa mzee, mnene, mwenye manyoya mazito au pua bapa, mimi singempeleka kwingine Desemba.

Usiku. Uliza vizuri. Kuna wenye mabanda wanaosema "mbwa karibu" wakimaanisha mbwa alale nje, kwenye uwanja usio na uzio, mbwa koko wa kijiji wakipita. Mwaka mmoja nilikubaliwa kwa simu, nikafika tarehe 24 jioni, nikaambiwa mbwa haingii getini kabisa. Tulilala garini, milango wazi, mbu wakisherehekea Krismasi. Tangu siku hiyo naandika ujumbe: mbwa ni wa kilo ngapi, analala ndani au barazani, uzio upo au haupo, na nasubiri jibu la maandishi ndipo nitume malipo ya awali.

Njia na mchanga. Gari lolote dogo linafika sehemu nyingi. Barabara ya Tanga hadi Pangani ni kama kilomita 50, na mashamba ya mkonge yanakusindikiza. Mtokao Bagamoyo mkidhani mtakatiza kupitia Saadani, mkumbuke kwamba ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na mbwa haruhusiwi hifadhini. Pia kuna mbung'o, na malale yao huua mbwa. Zungukeni Chalinze.

Majirani. Sasa mnaishi na watu: mlinzi, mpishi, bata wa mwenye nyumba, wageni wa banda la pili. Njoo na bakuli zako, na ndoo yako, na shuka la mbwa. Usimpe mbwa mabaki kwenye sahani ya nyumba hata kama utaiosha mwenyewe. Yule mama wa jikoni hatakuambia neno, lakini sahani ile ataitenga. Upande wa Ushongo ongeza jambo moja. Kisiwa cha Maziwe kilipoteza miti yake na siku hizi maji yakijaa kinafunikwa, kwa hiyo mayai ya kasa hukusanywa kule na kuletwa kufukiwa Ushongo. Kwa mbwa mchimbaji kama Kashata, shimo lenye harufu ya mayai ni karamu. Kamba isitoke mkononi. Na mkienda Maziwe kwa boti, mbwa abaki.

Maji na mfuko. Maji ni ya mwenye nyumba, mara nyingine ya kisima chenye chumvichumvi, basi ya mbwa kunywa beba. Bei ya Desemba si bei ya Mei, na siku za mwisho wa mwaka hujaa mapema.

Linamfaa mwenye mbwa anayeteswa na joto, mwenye watoto wadogo, na asiyetaka kujifunza kurudisha trela nyuma mbele ya kijiji kinachoangalia.

Popote mtakapolala

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imepita wiki nne, na kadi yake iwe garini. Mbwa wa kilo 22 anahitaji zaidi ya lita moja ya maji yasiyo na chumvi kwa siku ya kawaida, na pwani anahitaji zaidi. Akikosa atakunywa ya bahari, kisha atatapika na kuharisha. Weka mgongo wa kiganja mchangani uhesabu hadi saba. Ukishindwa, hata nyayo zake zitashindwa. Akianza kuyumba, ulimi mwekundu, mate mazito, mmwagie maji ya kawaida papo hapo na umpepee, ndipo mtafute daktari wa mifugo. Na macho kwenye bunju. Samaki huyo mwenye tumbo la kuvimba hutupwa ufukweni na maji au na wavuvi, sumu yake haina dawa ya kuiondoa, na mbwa haambiwi.

Kwa hali yako

Kama mbwa wako ana zaidi ya miaka minane au anahema hata Morogoro, tafuta banda la saruji na makuti, au mwache nyumbani na mtu anayemjua. Hakuna aibu.

Kama ni familia ya watu wanne na mbwa mwoga, siku kumi mahali pamoja, karavani mmepewa bure na kiwanja mmeonyeshwa chenye mivinje, chukueni karavani. Pungukiwa na kimoja kati ya hivyo, hasa kivuli, uhesabu upya.

Kama ni wawili, mbwa kijana, na mnataka kuamka kila siku kwenye ufuko mwingine, hema. La paa kwa mbwa wa kubebeka, la chini kwa mbwa mkubwa. Tarehe 31 tu ingieni ndani ya kuta, popote.

Kama mnataka muziki na watu wa Raskazone, pale Tanga mjini, basi mchana mbwa hana raha hapo kwa namna yoyote. Pangeni zamu ya mmoja kubaki naye.

Shemeji alinipigia tena juzi. Mbwa wao ana miaka tisa na manyoya kama zulia, kwa hiyo wamechukua banda, na karavani ya rafiki yake imebaki haina mtu. Nimeiomba mimi. Nimeshakagua matairi, nimenunua kamba mpya ya mnyororo, na nyuma ya kiti nimeweka koleo, Kashata asianze likizo kwa kuchimba peke yake.